Msandali wa Kwenye Kona

Kwa miaka yote niliyomjua Soroveya, sikuwahi kumwona akitembea bila kuhesabu. Angeingia dukani kwangu pale Kitengela midomo ikichezacheza, akanyage kizingiti, aseme "Mia mbili na kumi na nne," ndipo anisalimie. Hizo zilikuwa hatua zake kutoka mlango wa ofisi yake hadi kaunta yangu. Siku alipofika na mia mbili na thelathini, nilijua goti linamsumbua, nikamtafutia kiti kabla hajaomba.

Duka langu ni hadiwea, huuza vifaa vya ujenzi: misumari, saruji, mabomba, waya wa kuzungushia ploti. Yeye alikuwa mpima ardhi. Alikuja kuchukua vyuma vya bikoni vya kuzika kwenye kona za ploti, kamba, na rangi nyekundu ya kupaka mawe ya mipaka. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi lakini hakuna aliyelitumia. Yeye alikuwa Soroveya, mimi nilikuwa Mama Hadiwea, na hilo lilitutosha. Alikozaliwa sikujua vizuri. Kwamba alitoka upande wa magharibi nililijua kwa jinsi alivyoidharau sukuma wiki yetu na kuulizia mrenda kila alipoona mtu amebeba kikapu.

"Nipe chai kwanza," alipenda kusema mteja akimharakisha. "Mpaka hautoroki."

Lifti hakutaka. Nimempita kwa pikapu yangu mara nyingi kwenye barabara ya Namanga, jua la saa saba likimchoma kichwani, nikapunguza mwendo na kufungua mlango. Alinipungia mkono niende, bila kunitazama, maana angenitazama angepoteza hesabu. Nilipomuuliza sababu, alisema ukienda kwa gari unafika lakini hujui umepita nini. Nilimwambia mimi najua ninachopita: vumbi. Hakucheka. Alikuwa mgumu wa kucheka, na mzaha wangu mwingi uliishia kwenye shati lake bila kufika usoni.

Kazi yake ilikuwa kukatakata nchi. Uwanda wote ule kuanzia Kitengela kwenda Kisaju, ambao nilipohamia bado kongoni walikuwa wakivuka barabara kama wenye mali, aliukata yeye na wenzake vipande vya futi hamsini kwa mia. Hakujificha kwa hilo. Siku moja tukiwa tumesimama nje ya duka tunatazama magorofa yanavyoota, alisema, "Hii nchi ni mimi niliimaliza, Mama Hadiwea. Kila karatasi iko na sahihi yangu." Kisha akanunua vyuma kumi na viwili vya bikoni akaenda kuimaliza zaidi.

Na mtu huyohuyo aliweza kusimamisha kazi nusu siku kwa sababu ya kichaka.

Kichaka chenyewe, msandali, hakina sura ya kumsimamisha mtu. Kinamzidi mtu mzima kidogo tu kwa urefu. Majani yake ni magumu, ya kijani kinachoelekea buluu, na maua yake ni madogo hata huyaoni mpaka uinamie. Humea kwenye mawe, kwenye kingo za makorongo, mahali ambapo udongo ni mwembamba na mkulima hapataki. Wamaasai huuita olosesiai. Kwetu Nyeri cucu wangu, yaani nyanya, aliuita muthithii, na alitia magome yake kwenye supu ya mifupa mpaka ikawa nyekundu. Nilikuwa nimeusahau kabisa mpaka Soroveya alipotoa kipande cha mzizi mkavu kwenye mfuko wa shati na kukiweka kwenye kaunta yangu. Alikuwa na desturi ya kukinusa alipokuwa anafikiri. Duka langu linanuka rangi na chuma, lakini asubuhi ile lilinuka jiko la cucu, na ilibidi nijifanye natafuta kitu chini ya kaunta ili asiyaone macho yangu.

Harufu hiyo ndiyo inayouponza. Iko kwenye mizizi, kwa hiyo wanaoutafuta hawaukati, wanaung'oa. Sheria imekataza, lakini malori ya kuubeba yamekuwapo, na kila mtu Kajiado amesikia habari zake. Soroveya alisema zamani aliuona kwenye kila kilima alichopanda na kamba yake, na kwamba sasa angeweza kupanda vilima vitatu asione hata mmoja.

Aliyemfundisha kuujua alikuwa mshika kamba wake, Mmaasai wa Ewuaso Kedong aliyefanya kazi naye miaka mingi. Soroveya mwenyewe alinihadithia. Walikuwa wakinyoosha mstari kwenye kilima, kichaka kikawa katikati, naye akaagiza kikatwe. Mshika kamba aliweka panga chini, akakaa juu ya jiwe.

"Hii ni olosesiai," alisema. "Imebaki kidogo. Sogeza wewe mstari."

Soroveya alipiga kelele, maana alikuwa na hasira za karibu. Mimi binafsi nilishamwona akimrushia mnunuzi mmoja futi ya chuma, kisha akamwomba msamaha, kisha akaomba arudishiwe futi. Lakini mshika kamba hakuinuka pale kwenye jiwe, na mwishowe mstari ulisogezwa. Tangu siku hiyo, Soroveya alianza kuandika kila msandali aliouona kwenye kitabu chake kidogo cha kazi. Hakuchora ramani, akihofia isifike kwa watu wa malori. Aliandika hatua tu, kuanzia kwenye vitu ambavyo yeye peke yake alivijua. Kuna waliomshuku kuwa ndiye anayewaonyesha wezi, kwa sababu alijua sana. Hilo lilimuuma, lakini hakufungua kitabu ili ajitetee.

Halafu akagundua ujanja ambao hadi leo naona ni wa akili nyingi.

Alikuwa amewachunguza wanunuzi waliotoka Central, mkoa wa kwetu, watu kama mimi. "Nyinyi," aliniambia, "mtang'oa kila kitu mpaka nyasi ya Mungu. Lakini mmea wa mpaka mnaogopa." Ni kweli. Kwetu mipaka ya mashamba iliwekwa kwa yungiyungi tunaloliita itoka, na anayeling'oa anajiitia laana yeye na nyumba yake. Nimeona watu waliosoma, wenye magari makubwa, wakilizunguka itoka kama linauma. Basi Soroveya, alipokuwa akigawa kipande cha Kisaju chenye ukingo wa mawe, kabla mstari wowote haujakubaliwa, alipanga ploti zake hivi kwamba kona za wenye ploti zianguke juu ya misandali. Chuma cha bikoni alikizika kando kwa ajili ya sheria. Msandali aliuacha usimame kwa ajili ya dhamiri. Aliwaita majirani, akatumia sauti yake ya kanisani, akasema, "Hii ndiyo kona yenu." Alivua na kofia. Hakuna aliyethubutu kugusa.

Kwenye ukingo ule iliokoka misandali minne kwa njia hiyo. Mmoja ulikuwa kwenye kona ya ploti niliyonunua mimi.

Ninapaswa kueleza jambo moja hapa. Msandali una dume na jike, na jike pekee ndiye anayezaa. Kati ya ile minne, mitatu ilikuwa dume. Wangu ulikuwa jike, na kwa jinsi kitabu chake kilivyoonyesha, hakukuwa na jike mwingine karibu. Aliniambia hayo tukiwa tumesimama pale pale kwenye kona, na akanipa amri nne, akizihesabu kwa vidole.

"Usikate. Usichome. Usichunge mbuzi hapa. Na usisafishe."

Nilizisikia zote nne. Tatu nilizitii. Ya nne niliichukua kama maneno ya mwanamume ambaye hajawahi kushika jembe, na kweli hakuwa amelishika. Uwanja wa nyumba yake pale Kitengela aliupiga matofali ya kabro kuanzia ukuta hadi ukuta, hapakuwa na pa kuotea hata nyasi moja. Alisema mkono wake unaua, kila anachopanda hukauka, kwa hiyo aliamua kutopanda. Nilimcheka sana kwa hilo. Mtu wa kabro ataniambia nini mimi, mtoto wa shamba?

Nimelelewa na mama aliyepalilia mpaka njia ya kwenda chooni. Kwetu ukiacha magugu karibu na mmea, watu wanasema huupendi, na wanakusema wewe, si mmea. Basi niliuheshimu msandali wangu kama nilivyofundishwa. Niliajiri vibarua wawili wakafyeka miiba yote iliyouzunguka, wakang'oa na visiki. Nikapanga mawe duara, nikayapaka chokaa. Nikaweka samadi kutoka kwa jirani Mmaasai, ambaye alinitazama akitaka kusema kitu, kisha akaona adabu kunyamaza. Kila Jumamosi nilipeleka madumu mawili ya maji. Ilipendeza. Wenye ploti za jirani walipiga picha. Nilitamani Soroveya aone, lakini alikuwa na kazi upande wa Namanga, akakaa huko karibu mwaka.

Msimu ule ulizaa kuliko wakati wowote. Matunda mekundu, madogo, yalijaa mpaka matawi yakainama. Nilifurahi kama mjinga. Niliyachuma mengi, nikayatia kwenye chupa ya kioo, nikaiweka kwenye kaunta kama pambo.

Kisha majani yakaanza kuwa ya manjano. Nikaongeza maji. Yakaanguka. Nikaongeza samadi.

Aliporudi, aliingia dukani na hesabu yake, akaona chupa kabla ya kuniona mimi.

"Hizi umetoa wapi?"

"Kwa kona."

"Na kona iko aje?"

"Iko sawa," nikasema.

Nilimdanganya. Nilimdanganya tena wiki iliyofuata, alipouliza akiwa amesimama mlangoni na kamba mkononi. Mara ya tatu nilikuwa napima waya, nikaacha kupima, nikamwambia, "Soroveya, nafikiri nimeua ile kitu."

Alitoka nje, akafungua mlango wa pikapu yangu, akaingia, akakaa. Njia nzima hadi Kisaju hakuhesabu chochote. Nadhani hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Pale kwenye kona alikwaruza gome kwa ukucha. Lilikuwa kavu hadi ndani. Alipiga magoti, lile goti lake bovu likiwa la kwanza, akaanza kufukua kwa kisu akifuata mzizi. Aliufuata mpaka ulipokutana na mzizi wa mti wa miiba niliokuwa nimeung'oa. Hapo akaniita niiname. Mzizi wa msandali ulikuwa umeng'ang'ania ule mwingine, umeushika kama mtoto aliyelala na titi mdomoni.

"Huyu hajitoshi," alisema. "Anachukua kwa majirani. Maji, chakula, kila kitu anaongezewa na wao. Ulifukuza majirani."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na ningefurahi hata angenirushia futi ya chuma. Lakini alifuta kisu kwenye suruali, akabaki amepiga magoti.

"Ni makosa yangu," alisema. "Nilikuambia usisafishe. Sikukuambia sababu. Nimezoea kupea watu amri kama wao ni vibarua wangu."

"Hapana, Soroveya. Ni mimi."

"Zile za chupa ni ngapi?"

"Sijui."

"Na uko na duka. Rudi ukahesabu."

Tulipokuwa tukirudi alitoa kile kitabu mfukoni, akaandika kitu kifupi akikikinga kwa mkono. Sikuhitaji kuona. Nilijua kinachoandikwa juu ya kitu kilichokufa, na nilijua ni nani aliyekiua. Niliendesha gari huku nikitazama barabara mbele yangu tu.

Matunda yalikuwa sitini na tatu. Nilimletea chupa nzima nikidhani ataichukua, awape watu wanaojua. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Alinirudishia.

"Mimi mkono wangu unaua," alisema. "Wewe utapanda."

"Baada ya yale nimefanya?"

"Sasa wewe unajua sababu. Nani mwingine anajua?"

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko chupa ile. Nasema hivyo nikijua nimewahi kupewa hati ya shamba, na pete, na mtoto mikononi. Hivyo vyote nilipewa nikiwa na sifa nzuri.

Mshika kamba alikuja siku moja kunionyesha. Alinisalimia "Sopa," nikaitika "Epa" kwa sauti ya mtu mwenye hatia, naye akajifanya hajui habari yoyote. Tulimenya ngozi nyekundu, tukaosha, tukapanda mvua zilipoanza, kila mbegu chini ya kichaka kingine ambacho sikuwa nimekigusa, karibu kabisa na shina. Nyingi hazikuota. Panya walikula zao, mbuzi wa jirani wakala zao. Zilizochipuka zilikuwa saba. Ukaja ukame. Soroveya aliniambia nisimwagie miche maji, nimwagie kichaka kinachoilisha. Basi kila Jumamosi nilibeba madumu nikanywesha miiba. Majirani walewale waliopiga picha za chokaa yangu sasa walisema Mama Hadiwea ameacha ploti ikawa msitu, labda biashara imeharibika. Mmoja alinipelekea vibarua bila kuniuliza, kwa huruma. Niliwafukuza na panga zao.

Ukame ulipoisha ulikuwa umebaki mche mmoja.

Mmoja, na hakuna ajuaye kama ni dume au jike mpaka utoe maua, na msandali hauna haraka. Soroveya aliulizia kila alipokuja dukani. Mia mbili na thelathini, habari ya asubuhi, na yule wa kona? Anakua. Mia mbili na hamsini, na yule wa kona? Baadaye macho yake yakaanza kufifia, akawa anafika kwa kushikilia kuta za maduka, na bado alihesabu. Kisha akafunga ofisi. Binti yake alikuja kumchukua akakae kwake Gataka, kule Rongai, na kaunta yangu ikawa kimya asubuhi. Sikujua kama kelele yake ndiyo iliyonizoea, au mimi ndiye niliyeizoea.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, nilienda Gataka.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Binti yake alinifungulia geti, akaniambia baba yuko barazani. Nilitembea polepole nikihesabu, na nilipofika mbele yake nikasema, "Thelathini na nane."

Aligeuza uso. Macho yalikuwa meupe, hayakunishika.

"Mama Hadiwea," alisema. "Hatua zako ni fupi. Kwangu hiyo ni thelathini na mbili."

Nilimshika mkono, nikamfungua kiganja, nikaweka tunda moja jekundu. Alilizungusha kwa kidole gumba. Aligusa ncha yake, mahali ua lilipokuwa. Alilipasua kidogo kwa ukucha, akalinusa.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya kona."

Binti yake aliweka chai mezani, akamtazama, akarudi ndani taratibu.

"Kwa hivyo ni jike," alisema.

"Ni jike, Soroveya."

"Na wale dume bado wako?"

"Kama hawangekuwa, hii ingetoka wapi?"

Hapo akacheka. Miaka yote ile nilihangaika kumchekesha, na nilimchekesha siku ambayo sikuwa nafanya mzaha. Alicheka mpaka akafuta yale macho yasiyoona. Nami nilimwambia nililokuja kumwambia, kwamba nashukuru, kwamba angeninyang'anya ile chupa ningekuwa nimebaki mtu aliyeua kitu na kukipaka chokaa. Alinisikiliza akilizungusha lile tunda. Alimwita binti yake alete kitabu.

Kilikuwa kilekile, jalada likiwa limelegea, kurasa zikinuka ule mzizi. Aliniambia nimsomee, kwa sababu yeye hakioni tena na hakutaka mtu mwingine akisome. Nilisoma. Hatua mia nne kutoka kwenye jiwe lililopasuka, dume, na mbele yake: imeng'olewa. Hatua tisini kutoka kwenye lango la ng'ombe, jike: imeng'olewa. Imekatwa. Imechomwa. Imeng'olewa. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, vilima vyote vya Kajiado nilivyovijua na nisivyovijua. Nilisoma polepole kwa sababu nilijua ninakoelekea.

Nilipofika Kisaju nilisimama.

"Soma," alisema.

"Kona ya Mama Hadiwea. Jike." Nikaangalia mbele yake, mahali aliponikingia kwa mkono siku ile ndani ya pikapu, tukitoka kukitazama kichaka kilichokauka hadi ndani, chupa ikiwa bado haijahesabiwa. Hakuwa ameandika imekufa. Alikuwa ameandika: iko na mtu.

Nilisoma kwa sauti. Alingoja mpaka nikamaliza kupenga kamasi.

"Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Andika hapo mbele. Imezaa."

Niliandika. Akauliza kama nimeandika vizuri, nikasema ndiyo. Akaniambia nikae na hicho kitabu, nikitie kwenye mkoba kabla hajabadilisha nia, kisha ninywe chai, maana inapoa.